Mama Sikio na Hedifoni za Wifi Yake

Jina la Mama Sikio hakupewa na wazazi wake. Alipewa na Fundi, yule mzee wa mitambo katika kiwanda cha dobi wanakofua mashuka ya mahoteli na ya hospitali. Siku hiyo mama alikuwa amesema tangu asubuhi, "Mashine namba moja, mkanda wake umechoka. Sikilizeni, unavuta kama mtu mwenye mafua." Wenzake walimcheka. Kabla ya saa sita mkanda ulikatika, mzigo mzima wa mashuka ukabaki ndani ya pipa unadondosha maji, na Fundi akaja akamwangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe mama," alisema, "Mungu alipogawa masikio ulipanga foleni mara mbili?"

Basi tangu hapo Fundi hakugusa spana kabla hajamuuliza. Yeye mwenyewe masikio yake yalikuwa yamekwisha zamani, na hakuona haya kulisema. Akija ukumbini alimwendea Mama Sikio moja kwa moja, akakunja kiganja nyuma ya sikio, na mama akamwonyesha: hii nzima, hii mkanda, hii mzigo umeelemea upande. Wasimamizi watatu walipita na kuondoka, mama yupo. Ilikuwa miaka ishirini na miwili sasa. Viganja vyake vilikuwa vimechujuka kwa sabuni na kiuno kilikuwa kikilalamika, lakini jina lilikuwa zima.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wa kukamulia. Mashine nne, kila moja na pipa lake kubwa la chuma, zikishika mwendo sakafu yote inatetemeka na meno yako nayo yanatetemeka. Humo huwezi kuzungumza na mtu. Wanawake wa mle walikuwa na lugha yao ya vidole. Kidole kikizungushwa hewani, pipa limemaliza. Ngumi mbili zikigonganishwa, mzigo haukukaa sawa. Kiganja kikiwekwa shavuni, msimamizi anakuja, kila mtu aonekane na shughuli. Mengine walisomana midomoni.

Na kwa kuwa hakuna aliyemsikia mwenzake, kila mmoja alikuwa na mazoea ya kusema peke yake. Mama Pasi, wa kwenye roli la kupigia pasi, aliimba vibaya bila aibu. Mwingine, mwembamba, wa namba mbili, alimtukana mumewe tangu asubuhi hadi jioni, kisha akarudi nyumbani mpole kama maji ya mtungini. Mama Sikio aliomba Mungu kwa sauti, na akishamaliza kuomba, alinung'unika. Yaliyomkera nyumbani, yaliyomkera kazini, yote aliyatema mle mle, akatoka roho nyeupe. Aliamini kabisa kwamba wanaomsikia ni Mungu na mashine, na wote wawili hawapeleki maneno.

Kisha akaja wifi yake.

Wifi huyu alikuwa dada mdogo wa mumewe. Ndoa yake ilivunjika, akaja na sanduku moja. Ni Mama Sikio aliyemtandikia chumba kidogo cha nyuma, na ni yeye aliyemwombea kazi kwa msimamizi. Hilo lazima lisemwe mapema, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alimpokea kwa moyo mmoja.

Lakini kelele za ukumbini zilimtesa wifi. Alirudi nyumbani kila siku kitambaa kimekazwa kichwani. "Kichwa, wifi yangu. Kinataka kupasuka."

"Utazoea," Mama Sikio alimjibu. "Mimi zile kelele kwangu ni wimbo."

Maneno hayo alikuwa ameyasema mara nyingi nyumbani mle, tena kwa majivuno kidogo, na mumewe alikuwa akiyasikia.

Mume wake alikuwa seremala, karakana yake ipo uani. Jioni moja aliingia ndani na kasha mkononi, akawakuta wawili hao wakikunja nguo za nyumbani, kana kwamba hawakushiba kukunja kazini. Mteja mmoja aliyehamia mbali alikuwa amemwachia zawadi, kwa kuridhika na kabati lililowasumbua mafundi wengine.

"Haya, nani mwenye bahati leo?" alisema mume, uso unang'aa.

Mama Sikio alikuwa karibu na mlango. Aliweka nguo chini, akaanza kunyanyua mkono. Mume akampita, akaenda kumpa dada yake.

"Hizi zinaua kelele," alisema. "Mwenyewe ameniambia akizivaa ndani ya ndege hata injini haisikii. Zitakusaidia kichwa chako."

"Kaka! Jamani, kaka!" Wifi alitoa hedifoni nyeusi, kubwa, zenye mito laini ya kufunika sikio lote, akazivaa hapo hapo, akawa kama mtoto siku ya sikukuu.

"Nzuri," alisema Mama Sikio. Akaiokota ile nguo, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekwisha kunjwa.

Walipobaki wawili alimwambia mumewe, "Hata kuniuliza hukuniuliza."

"Wewe?" Mume alicheka, hana hili wala lile. "Si unasema kelele kwako ni wimbo? Nani anaziba wimbo?"

Mama Sikio alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini kijiba cha roho kilimkaa, na kilikaa vizuri, kama mgeni aliyekwisha kuonyeshwa kiti.

Kazini, wanawake walipomwona wifi amevaa vile vidude walimpa jina siku ile ile: Rubani. Mama Pasi alitandaza mikono akapita mbele yake kama ndege inayotua. Yule wa namba mbili alimpigia saluti. Wakati wa chai, barazani, wakamzunguka.

"Rubani, tunaruka saa ngapi?"

"Abiria hamjafunga mikanda," alijibu wifi, na wote wakacheka. Kumbe alikuwa na ulimi mzuri pia. Mama Sikio alikoroga chai yake isiyo na sukari.

Fundi alizichukua zile hedifoni, akazigeuzageuza kwa uangalifu ambao Mama Sikio hakuwahi kumwona akiuonyesha kitu chochote isipokuwa beringi mpya. "Msidhani zinaziba tu kama pamba," alisema. "Kuziba zinaziba, kiasi chake. Lakini mnaona vitundu hivi vya nje? Humo mna maiki. Maiki inasikiliza ngurumo ya mashine, halafu chombo kinatengeneza ngurumo nyingine, kinyume cha ile. Ya mashine ikipanda, ya kwake inashuka. Ya mashine ikishuka, ya kwake inapanda. Zikikutana pale sikioni zinamalizana."

"Kama mke na mume wanaojuana," alisema Mama Pasi. "Mmoja akipandisha, mwenzake anashusha, nyumba kimya."

"Kwako lini kuliwahi kuwa kimya?" mwenzake alimdakia.

"Ngoja nimalize," alisema Fundi. "Inaiweza ngurumo, ile nzito inayokwenda vile vile bila kubadilika. Sauti nyembamba, au ya ghafla, au mtu akisema, hiyo haiwahi kuikamata yote. Inapita."

Laiti Mama Sikio angelishika neno hilo la mwisho, angejiepusha na mengi. Lakini alikuwa anawaza jambo jingine: asubuhi hiyo Fundi alipita ukumbini bila kumuuliza chochote. Alikuwa amesahau tu, mtu mzima, mambo mengi. Roho yenye wivu haijui kusahau ni nini. Yenyewe huona imesahauliwa kusudi.

"Na muziki je?" aliuliza yule wa namba mbili.

"Ah, dada, muziki ndiyo usiseme," alisema wifi. "Zamani nikijaribu kusikiliza humu na vile vya kawaida, napandisha sauti mpaka mwisho, masikio yanauma, na bado napata nusu ya wimbo. Sasa naweka chini kabisa. Nasikia mpaka mwimbaji anapovuta pumzi."

Mwimbaji anapovuta pumzi! Mama Sikio alienda na neno hilo nyumbani, akapika nalo, akaoga nalo.

Siku ya mapumziko, mume akiwa kwenye karakana yake na wifi akiwa bafuni, Mama Sikio aliingia chumba cha nyuma na kitambaa kilichokunjwa mkononi, ili akikutwa awe na sababu. Hedifoni zilikuwa kitandani, wimbo wa dini unasikika kwa mbali ndani yake. Alizivaa. Zilimbana kwa upole, kama mtu aliyemshika kichwa kutoka nyuma. Wimbo ulikuwa mzuri, umejaa. Akapapasa kitufe, akakibonyeza.

Masikio yakambana kama mtu aliyezamisha kichwa ndani ya pipa la maji. Na wimbo ukasinyaa. Zile sauti nene za wanaume zikakauka, kama nguo iliyokaa kwenye moto kupita kiasi. Akabonyeza tena, wimbo ukajaa. Akabonyeza tena, ukasinyaa.

"Kumbe!" alisema, na furaha iliyomjia si ya kusimulia kanisani wala msikitini. "Kumbe takataka tu. Zinaharibu wimbo."

Alipogeuka wifi alikuwa mlangoni, taulo begani.

"Nilikuwa nakuletea kitambaa chako," alisema Mama Sikio.

"Zivae tu wifi, si zetu sote? Umezionaje?"

"Zinabana masikio. Na wimbo unakonda."

"Ni kweli kabisa." Wifi hakubisha hata kidogo, na hilo nalo likamuudhi. "Mahali pa kimya hazina kazi, zinaugusa wimbo bure. Ndiyo maana nikiwa nyumbani kitufe nakizima. Tena ukikiwasha penye kimya unasikia hata chombo chenyewe kinavyohangaika humo ndani, kashii kembamba, kama mvua ya mbali. Umekasikia?"

Mama Sikio hakuwa amesikia kitu. Si mvua ya mbali wala ya karibu.

"Nimekasikia," alisema. "Ndiko kalikonikera."

Kesho yake barazani aliwatangazia wenzake, bila kuulizwa, kwamba vile vidude amevivaa yeye mwenyewe na vinaua wimbo. Wakamwamini, nani angebishana na Sikio? Wifi alikunywa chai yake.

Lakini kale kashii kalimfuata. Maana hakakuwa ka kwanza. Simu yake siku hizi ililia mezani mpaka mumewe aulize, "Hupokei?" Birika lilichemka mpaka likakauka. Mwaka uliopita alimwambia mumewe kwamba ndege wa asubuhi wamehama mtaani, na mume akamtazama kwa mshangao, akasema labda. Sauti nzito alizipata kama zamani: mkanda, mzigo, pipa linalogonga. Nyembamba ndizo zilizokuwa zikiondoka, moja moja, bila kuaga. Kazini hakuna aliyegundua, kwa kuwa kazini wote walisema kwa vidole.

Alijua kitakachofuata siku ikijulikana. Asiyeweza mashine hupelekwa chumba cha kukunja, mwisho wa ukumbi, mahali ambapo hakuna anayekuja kukuuliza neno. Mama Sikio asiye na sikio ni nani? Ni mama mmoja tu mwenye viganja vilivyochujuka. Alimwomba Mungu ajira yake na jina lake vizeeke pamoja.

Wiki ya tatu, wifi aliyekuwa akifanya kazi kwenye namba tatu alinyanyua mkono kumwita Fundi. Akasogeza mdomo taratibu ili asomeke: "Inalia. Nyembamba, kama panya aliyebanwa na mlango. Ikishika mwendo ndipo inaanza."

Fundi aliinamia mashine, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu, na hakutarajia. Akamgeukia Mama Sikio, kiganja nyuma ya sikio.

Mama Sikio alikuja, akaweka mkono juu ya chuma, akafumba macho kama alivyozoea. Mtetemo ulikuwa wa kawaida. Ngurumo ilikuwa ya kawaida. Panya hakuwepo. Alisikiliza mpaka kichwa kikamuuma, akafumbua macho, akaona watu wote wamesimama wanamngoja. Majibu yalikuwa mawili tu, kusema sijui au kusema nzima. Na sijui alikuwa hajawahi kuisema mle ndani.

Akanyanyua dole gumba. Nzima. Kisha, kwa kuwa ulimi wa husuda hautosheki na tonge moja hata ukiwa wa vidole, akagusa masikio yake mawili na kuchezesha viganja: huyu anasikia wimbo wake. Mama Pasi akacheka mpaka akashika roli. Fundi naye akatabasamu, akaenda zake.

Wifi alimtazama. Hakukasirika. Alimtazama kama msafiri aliyemuuliza mwenyeji njia, akaelekezwa porini.

Mara mbili zaidi katika wiki hiyo wifi alimwita Fundi. Mara ya pili Fundi hakuja hata kuinama, alionyesha kwa kidole upande wa Mama Sikio: huyo ameshasema. Mama aliona raha, lakini ilikuwa raha yenye mwiba ndani.

Siku ya tano ya wiki hiyo alikuwa akipakia toroli hatua tatu nyuma ya wifi. Namba zote nne zilikuwa kwenye mwendo mkubwa. Akaanza kunung'unika kama kawaida yake.

"Rubani wa nini! Umekuja juzi na kichwa chako cha yai, leo unajua mashine kuliko mimi. Nimekupa chumba, nimekupa kazi, na ukiwepo wewe mume wangu anakuwa kaka yako kwanza, mume wangu baadaye. Kidogo anacholetewa, Rubani. Mwenye bahati, Rubani. Na ilie hiyo mashine! Ilie mpaka ikupasukie, tuone hizo hedifoni zitakusaidia nini."

Neno lilipotoka alishtuka mwenyewe. "Ee Mungu, nisamehe," alisema, na hilo nalo kwa sauti.

Wifi aligeuka. Akamjia mpaka uso kwa uso, na midomo yake ikasema pole pole, "Mungu atakusamehe, wifi. Mimi nitajaribu."

Mama Sikio alidhani amesoma vibaya. Mikono ilibaki hewani na shuka.

"Nakusikia," midomo ilisema. "Tangu siku ya kwanza nakusikia. Ngurumo ikiondoka, maneno ya watu yanabaki. Nimesikia ya chumba. Nimesikia ya kazi. Nimesikia ya kaka. Yule wa namba mbili nimesikia anavyomlaani mumewe. Sikumwambia mtu."

Kama ardhi ingekuwa na mlango, mama angeugonga. Wiki tatu! Kila alichokitema, kilikuwa kimeokotwa. Na huyu binti alikuwa akirudi nyumbani, anakaa naye meza moja, anamwambia asante wifi kwa chakula.

Wifi alizivua hedifoni. Uso ukamkunjamana ngurumo ilipomrudia. Akamvika Mama Sikio, akakandamiza mito ikafunika vizuri. "Sikiliza mashine," alisema. "Achana na mimi. Sikiliza mashine."

Ngurumo ikaondoka.

Haikuondoka yote, lakini iliondoka kama mzigo unaotuliwa kichwani na mtu aliyeubeba mpaka akasahau kwamba ameubeba. Shingo ya mama ililegea yenyewe. Chini ya ile ngurumo kulikuwa na ukumbi mwingine ambao hakuwahi kuingia. Alisikia maji yakienda mferejini. Alisikia mtu akikohoa. Alisikia Mama Pasi anavyoimba, na Mungu amsamehe, ilikuwa mbaya kuliko midomo ilivyoonyesha.

Namba tatu ikapanda mwendo. Mwanzo hakupata kitu. Akashika pumzi. Kisha, mbali sana, nyembamba kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano, ikaja: nyiiii. Yale masikio yake mabovu, yakiwa yamepunguziwa ngurumo, yaliweza kuishika. Na alipoishika alijua papo hapo ni nini, kwa sababu kusikia kulikuwa kumeondoka lakini kujua hakukuondoka. Ilikuwa beringi ya nyuma. Imekauka. Namba nne ililia hivyo hivyo miaka tisa iliyopita, kabla pipa halijaruka na kumvunja mwenzao mkono mahali pawili.

Msomaji asidhani kwamba wivu ulimtoka hapo. La. Wivu ndio uliokuwa wa kwanza kusema. Ulimwambia: zivue, nyamaza, ngoja kesho asubuhi, mwite Fundi umwambie imeanza sasa hivi nimeisikia. Jina litabaki, mashine itatengenezwa, nani atajua? Wifi atajua, lakini wifi ni mtu wa kunyamaza, ameshaonyesha.

Naye wifi alikuwa amerudi kusimama mahali pake, kiganja juu ya lile pipa bovu.

Mama Sikio alibonyeza kitufe chekundu cha namba tatu. Kisha akaenda akazima namba mbili. Akazima namba moja. Akazima namba nne. Ukumbi ukanyamaza katikati ya kazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na watu wakatoka hata chumba cha kukunja kuja kutazama kuna nini, Fundi akiwa miongoni mwao. Mama Sikio alizivua hedifoni, akasema kwa mdomo.

"Fundi, namba tatu mbovu. Beringi ya nyuma. Si ya leo, ni ya wiki nzima. Wifi yangu aliisema, mimi nikasema nzima, na sikuwa nimeisikia. Sauti nyembamba siku hizi sizipati. Sijui tangu lini. Niliona aibu, na nilimwonea gere."

"Sasa yeye aliisikiaje na sisi tusisikie?" Mama Pasi aliuliza.

"Hivi vitu vinaondoa ngurumo, maneno yanabaki. Anatusikia sote."

Yule wa namba mbili alimgeukia wifi pole pole. "Sote? Na mimi?"

"Kila kitu, dada."

"Mungu wangu!" Akajifunika uso na shuka la watu lililokwisha kamuliwa, na hapo wengine walishindwa kujizuia. Walicheka. Mama Sikio hakucheka, na wifi hakucheka.

Fundi alifungua mgongo wa namba tatu. Grisi ilikuwa imekauka makapi, na gololi za beringi zilikuwa zimeungua mpaka zimegeuka bluu kama wino. "Ilibakiza siku mbili iruke," alisema. "Tatu, kama Mungu angependa." Hakumkaripia mtu. Akafuta mikono kwa tambara, akanyanyua kichwa na kuuliza, "Na zile nyingine zinasemaje?"

Alimuuliza wifi. Uso wake wote ulikuwa umeelekea kwa wifi.

Jamani, iliuma. Mtu anaweza kutubu mbele ya umati na bado ikamchoma pale pale, tena zaidi.

"Namba moja kuna kitu kinagongagonga," alisema wifi. "Kidogo tu. Mimi sijui ni nini." Akamtazama Mama Sikio.

Tafuta mwenyewe, Rubani, ndilo neno lililokuwa mdomoni mwa mama, na safari hii angelisema wangelisikia wote.

"Kinagonga ikianza au ikisimama?" aliuliza mwishowe.

"Ikisimama."

"Breki," alisema Mama Sikio, akaenda kupakia mashuka aliyoyaacha.

Msimamizi alikuja baadaye, akazungumza naye kwa upole. Kesho aanzie chumba cha kukunja, mpaka masikio yapimwe. Mama alijibu sawa, bosi.

Walirudi nyumbani pamoja yeye na wifi yake. Karibu na mlango, Mama Sikio alianza, "Wifi, yale niliyosema..."

"Usiniombe radhi leo," alisema wifi. Hakusema kwa ukali. "Leo nitakukubalia kwa kuona haya tu. Niombe siku nyingine." Akaingia chumbani kwake.

Mama alizunguka uani. Mumewe alikuwa akipiga randa ubao mrefu, mgongo ameupa mlango, maranda yamemfika vifundoni. Alimsimulia kutoka pale alipokuwa amesimama, yote, beringi na mashine na chumba cha kukunja. Mume aliendelea na randa lake, polepole, kisha akasimamisha mkono akasema kitu bila kugeuka.

"Geuka ukisema," alisema mama. "Nisipokuona mdomo maneno yananipotea."

Mume aligeuka. Alimwangalia mkewe kwa muda, kama mtu anayehesabu siku za nyuma na kuziona zote zimekaa vingine.

"Nimesema, tangu lini?"

"Sijui. Tangu ndege walipohama."

Aliliweka randa chini. "Na mimi nikampa dada zile hedifoni, nikakuacha wewe."

"Iliniuma sana," alisema Mama Sikio. "Mpaka sasa inaniuma."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje?" alisema. "Mtu anayeitwa Sikio aseme hasikii?"

Mume alivuta kigoda, akakipangusa maranda kwa kiganja, akamwekea. Yeye akakaa juu ya ubao, akamwelekea uso, karibu, mahali penye mwanga. "Haya," alisema, akifungua mdomo vizuri, bila kupiga kelele. "Anza upya. Niambie hizo sauti zilizokwenda, moja moja."